Kusoma Upya Rosa Mistika: Je, Ni Mji Uliomwangamiza?

Katika semina za vijana, na hata katika baadhi ya mahubiri yetu, riwaya ya Rosa Mistika hutajwa kama onyo: binti mwema wa kijijini alikwenda mjini, na mji ukammaliza. Mzazi akisikia hivyo hupata jibu la haraka kwa swali linalomnyima usingizi kila Januari: nimruhusu mwanangu aende mjini, au abaki hapa nimwone kwa macho yangu? Naona kitabu hicho tumekisoma vibaya, na wanaolipa gharama ya usomaji huo ni watoto wetu.

Euphrase Kezilahabi alikichapisha mwaka 1971. Alikuwa mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, na huko ndiko alikomweka Rosa wake. Jina la kitabu ni moja ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Sisi Walutheri hatuisali, lakini tusipojua hilo hatuoni uchungu uliomo katika jina la binti yule. Kwa muda kitabu kilizuiwa mashuleni kwa jinsi kinavyoeleza mambo ya uasherati. Labda ndiyo sababu wengi wetu tunakijua kwa kusimuliwa.

Basi kifungue mwanzoni. Zakaria, baba wa nyumba, ni mlevi. Regina, mkewe, anapigwa na kuvumilia. Rosa anaandikiwa barua na kijana aitwaye Charles. Baba anagundua, na kipigo anachompa binti yake ni cha kikatili. Haya yanatokea kijijini, nyumbani kwa baba, kabla Rosa hajavuka ziwa kwenda Mwanza kusoma. Zakaria hazungumzi na binti yake, anamchunga kwa fimbo. Hakuna anayemfundisha namna ya kuongea na mvulana, namna ya kukataa, wala namna ya kutambua mtu anayempenda na mtu anayemtaka tu. Ameletewa somo moja, nalo ni woga. Woga nao hufanya kazi anayeogopwa akiwa karibu. Ziwa lilipomtenga Rosa na baba yake, hakubaki na kitu kingine cha kumshika mkono.

Sisemi kwamba mji hauna hatia. Kuna wanaume wenye vyeo wanaomtumia, na miongoni mwao ni mkuu wa chuo cha ualimu alikokwenda baadaye. Hao hunikera kuliko dansi lolote, kwa sababu walikabidhiwa dhamana ya kumlea. Lakini litazame pigo la mwisho. Charles, mchumba aliyengojewa tangu ile barua, anagundua kwamba Rosa si bikira, naye anamwacha. Rosa anajiua. Kipimo alichopimwa nacho hakikutoka mjini. Ni kile kile cha nyumbani kwa Zakaria, kinachomhesabu binti kwa jambo moja na kuwasahau wanaume wote waliohusika nalo.

Walutheri tungepaswa kuliona hili mapema kuliko wengine. Mwaka 1505 Martin Luther aliingia monasteri kule Erfurt akitafuta mahali pa kuwa salama mbele za Mungu, akakuta dhambi imeingia naye langoni. Baadaye alifundisha kwamba mama anayemwosha mtoto na fundi anayefanya kazi yake wako katika wito wa Mungu hapo hapo walipo. Hatuwezi kuukataa utawa kama njia ya wokovu, kisha tukakigeuza kijiji kuwa monasteri ya watoto wetu. Hata katika Luka 15, yule mwana mkubwa aliyebaki nje kwa hasira hakutoka nchi ya mbali. Alikuwa anatoka shambani.

Nina shauri moja na mwandishi pia. Mwishoni anaifikisha kesi ya baba na binti mbele za Mungu, na wasomaji wengi huisifu sehemu hiyo. Mimi huniacha na swali: kwa nini Rosa angoje mpaka afe ndipo kesi yake isikilizwe? Katika riwaya nzima, yenye jina la kikanisa namna ile, simwoni mtu mzima aliyeketi naye akiwa hai akamwambia kwamba amesamehewa na aanze upya. Unaweza kusema huo ni upungufu wa kitabu. Naogopa zaidi kwamba ni picha sahihi ya sharika zetu.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 Dar es Salaam, na wengi wao walitoka katika vijiji kama vyetu. Kijana anapohama tunampa barua ya utambulisho yenye muhuri: amebatizwa, amepata kipaimara. Haisemi ni nani atakayempokea huko aendako. Mzazi anayeamua Januari hii aulize hilo kabla ya kuuliza nauli. Na akiamua binti abaki kijijini, aulize vilevile: yuko wapi shangazi, mzee wa kanisa au mchungaji ambaye binti huyo anaweza kumwambia jambo asiloweza kumwambia baba yake?