Klipu za Muziki Mbele ya Macho ya Watoto Wadogo

Kila mara ubishi juu ya klipu za muziki unapozuka nchini Kongo, wahakiki hukimbilia maneno ya wimbo. Ilikuwa hivyo Novemba 2021, tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo na maonyesho, iliyoundwa mwaka 1996, ilipoupiga marufuku wimbo «Nini to sali te» wa kundi la MPR, kisha ikaufungulia baada ya muda mfupi. Watu waligombea lawama zilizomo katika wimbo, yaani maneno matupu.

Lakini mtoto wa miaka minne huko Lubumbashi, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili, hupata nini katika maneno ya Kilingala? Wimbo wa Kinshasa una sehemu mbili. Ya kwanza huimbwa polepole, nayo mara nyingi hubeba maombolezo ya mapenzi yenye ushairi wa kweli. Ya pili ni seben: magitaa hukimbia, na atalaku, aliyeingia katika muziki huo pamoja na Zaïko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupaza sauti kuwaamrisha wachezaji. Kwa mtoto, seben ndiyo wimbo wote. Huisoma kwa macho, kisha huiiga kwa mwili.

Je, kosa ni la kiuno? Hapana. Katika arusi za Katanga watoto hucheza kando ya bibi zao, na hakuna anayeshtuka. Tena wazee hawakuwa na haya ya kufundisha mambo ya ndoa kwa ngoma: chisungu cha Wabemba kilikuwa na nyimbo na vinyago vya udongo kwa kazi hiyo hiyo. Ila mtoto mdogo hakuruhusiwa kuingia. Palikuwa na mlango, na penye mlango palikuwa na mtu mzima. Televisheni imeuondoa mlango huo.

Kuna na jambo la kamera, ambalo wahakiki wamelipuuza mno. Katika duara la ngoma, mtazamaji humwona mtu mzima-mzima: uso, jasho, kicheko, jina lake. Kamera ya klipu huinama chini, hukata kichwa, hubakiza nyonga, kisha huruka kwenye nyonga nyingine. Mtoto hafunzwi kucheza hapo. Hufunzwa kumtazama mwanamke vipande-vipande. Hilo ni zito kuliko mchezo wowote wa ndombolo. Libanga nalo, yaani kutaja majina ya matajiri kwa malipo katikati ya wimbo, lina sumu yake, ingawa mtoto huchelewa kuielewa.

Ufaransa, tangu mwaka 1996, huweka alama ya umri juu ya vipindi vya televisheni. Alama hiyo yadhani kwamba mtoto ana chumba kingine cha kwendea. Penye sebule moja na televisheni moja kwa jamaa wote, atapelekwa wapi? Silaha iliyobaki ni saa. Klipu za seben zingoje usiku, nazo saa za jioni ziachiwe michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, kama ile iliyolipatia sifa kundi la Mufwankolo mjini Lubumbashi, ambamo mtoto husikia lugha ya nyumbani kwao na kuona nyuso za watu.