Msitu Umeharibika au Umeharibiwa? Uhakiki wa Lugha ya Vijana Watetezi wa Mazingira

1. Utangulizi

Mwezi Agosti 2018, Greta Thunberg, mwanafunzi wa miaka 15, aliketi mbele ya bunge la Sweden kudai hatua dhidi ya kuongezeka kwa joto duniani. Mwezi Januari 2019, Vanessa Nakate alianza kusimama na bango lake katika barabara za Kampala, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameanzisha kampeni ya kuutetea msitu wa Kongo. Katika Kongo yenyewe vijana hawakungoja mfano wa Ulaya: kundi la LUCHA, lililozaliwa Goma mwaka 2012, lilikuwa limekwisha kuunganisha madai ya maji, ardhi na haki za raia katika mapambano yasiyotumia silaha.

Ujasiri wa vijana hawa umesifiwa mara nyingi. Lugha yao haijachunguzwa kwa kiasi hicho. Mwezi Januari 2020, shirika la habari la Associated Press lilitangaza picha ya wasichana waliokutana Davos, Uswisi, lakini Nakate, Mwafrika pekee miongoni mwao, alikuwa amekatwa katika picha hiyo. Baadaye shirika liliomba radhi. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na tukio hilo lilikuwa ushahidi wa methali hiyo. Hata hivyo, mtu aweza kuwapo kwa uso wake na asiwepo kwa lugha yake. Bango la kuutetea msitu wa Kongo liliandikwa kwa Kiingereza. Matamko ya vijana wa Kongo huandikwa kwanza kwa Kifaransa. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa, huja mwishoni kama tafsiri.

Makala haya yanakusudia kuupima Kiswahili hicho cha tafsiri. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu wake mkubwa hauko katika uhaba wa istilahi, kama inavyosemwa mara kwa mara, bali katika sarufi: ni lugha inayomficha mtenda.

2. Istilahi zilizotoka mbali

Inafaa kuanza na istilahi, kwa kuwa ndizo zinazolaumiwa kwanza. Neno tabianchi limekubaliwa Tanzania na Kenya, nalo linasikika katika redio na kusomwa katika magazeti ya huko. Kimuundo halina kosa. Lakini kwa msikilizaji wa Lubumbashi au Bukavu ambaye hakulizoea, tabia ni mwenendo wa mtu, na nchi ni mahali penye mipaka na serikali. Akiambiwa kwamba “mabadiliko ya tabianchi” yameleta njaa, anaweza kuelewa kwamba raia wanakemewa kwa mwenendo wao mbaya. Kosa hilo la masikio si dogo, kwa sababu linamgeuza aliyeathirika kuwa mkosaji.

Istilahi ya pili ni maendeleo endelevu. Wazo lake lilienezwa na ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland mwaka 1987: kutimiza mahitaji ya walio hai bila kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kutimiza yao. Kiini cha wazo hilo ni kiasi, ni kujizuia. Katika Kiswahili, maneno yote mawili yamezaliwa na kitenzi kimoja, kuendelea. Basi maendeleo endelevu, kwa sikio la mtu wa kawaida, ni kuendelea kunakoendelea. Kizuizi chote kimepotea njiani. Wakati huohuo lugha ina kitenzi kubakiza, ambacho kila mtoto amekijifunza mbele ya sahani: anayekula na wenzake hubakiza kwa ajili ya asiyefika bado. Maadili ya ripoti ya 1987 yamo ndani ya kitenzi hicho, lakini watafsiri hawakubisha hodi jikoni.

Mfano wa tatu ndio wenye mafunzo zaidi. Gesi inayolaumiwa kwa joto la dunia huitwa hewa ukaa, neno lenye shina moja na kaa na makaa. Mtu wa pwani aonaye neno hilo aweza kukumbuka jiko lake. Mkazi wa Lubumbashi hakumbuki kitu, kwa kuwa yeye hana makaa, ana makala. Asili ni moja: Kiswahili cha pwani kiliidondosha sauti l katikati ya irabu, na lahaja za Kongo zikaihifadhi, kama zinavyosema kufungula pale pwani inaposema kufungua. Kwa upande mwingine, makala ya pwani, yaani maandishi, ni neno la Kiarabu lisilohusiana kabisa na mkaa. Kwa hiyo kichwa cha maneno kama “Makala kuhusu hewa ukaa”, kikisomwa Lubumbashi, chaweza kueleweka kuwa habari za magunia yanayouzwa kando ya barabara. Aliyekosea kusoma hivyo angekuwa amelikaribia jambo lenyewe kuliko mwandishi, maana moshi wa makala na miti ya miombo inayokatwa kuyatengeneza ni sehemu ya hesabu ya gesi hiyo.

Istilahi, hata hivyo, zaweza kufundishwa. Neno geni la leo huwa la kawaida kesho, kama lilivyokuwa neno uhuru. Tatizo lisiloponywa na kamusi liko kwingine.

3. Kutendeka na kutendwa

Kiswahili kinatofautisha waziwazi kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Sahani imevunjika: hali inatajwa, mtenda hatafutwi. Sahani imevunjwa: mtenda yupo hata kama hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Kila mzazi anajua kwa nini mtoto huchagua kauli ya kwanza.

Lugha ya mazingira imejaa kauli hiyo ya kwanza. Msitu umeharibika. Mito imechafuka. Hewa imebadilika, na jina mabadiliko lenyewe limetokana na kubadilika, si kubadilisha. Kifaransa na Kiingereza zina majina yanayoacha swali la mtenda wazi, na mtafsiri, akitafuta jina la Kiswahili, huokota lile la kutendeka kana kwamba halina uzito. Matokeo ni sentensi zisizo na mtu ndani yake. Mto unaopita karibu na kiwanda cha kusafisha shaba haukuchafuka kama maziwa yanavyochacha, umechafuliwa.

Hapa Kiswahili cha mitaani cha Kongo kina somo la kutoa. Wasemaji wake hawaitumii sana kauli ya kutendwa. Badala yake husema banakata miti, banachafula maji, kwa kiambishi ba- kinachoashiria watu wasiotajwa. Wasomi wengi wamekihesabu kiambishi hicho miongoni mwa dosari za lahaja. Kwa mtazamo wa makala haya, kina sifa moja kubwa: kinahifadhi nafasi ya mtenda. Anayesikia banakata miti huuliza mara moja: banani? Anayesikia “kutoweka kwa misitu” hutikisa kichwa kwa huzuni, kisha huenda zake.

Itajibiwa kwamba kauli ya kutendeka si hila kila mara, na jibu hilo ni la haki. Mwanasayansi anayeeleza kwamba joto limeongezeka anataja hali, wala hawezi kuorodhesha watenda wote. Tena, katika miji ambamo vijana wamekamatwa kwa kushika bango tu, kumtaja mtenda kwa jina ni hatari ambayo mhakiki aketiye maktabani hana haki ya kuwalazimisha wengine waibebe. Lakini tofauti ibaki: anayechagua kunyamaza kwa sababu ya hatari anajua anachokinyamazia. Anayenyamazishwa na tafsiri hajui.

4. Kiambishi tu-

Pale ambapo mabango ya Kiswahili yanamtaja mtenda, humtaja kwa nafsi moja: tu. Tutunze mazingira. Tuokoe msitu. Tupande miti. Kiingereza huweza kutoa amri bila kuonyesha idadi ya wanaoamriwa. Kiswahili lazima kichague kati ya okoa, okoeni na tuokoe. Vijana huchagua ya tatu kwa nia njema, kwa kuwa wanataka kukusanya watu na si kuwafokea. Kiambishi hicho ndicho hujenga jumuiya.

Lakini kinakusanya wasiolingana. Mwanamke wa Lubumbashi anayenunua makala ya siku moja, kampuni ya madini, na nchi zilizochoma makaa ya mawe kwa karne mbili, wote wanaingia katika tu moja. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya gesi hiyo itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Na huyo mwanamke hakuyachagua makala kwa kutopenda miti. Katika miaka ya 1980 ulikamilishwa mstari wa umeme wa takriban kilometa 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, ili kulisha viwanda vya shaba. Nyaya zake zinapita juu ya vijiji ambavyo havikupewa taa. Mjini, umeme ukikatika, jiko la makala ndilo jibu. Kumwambia mtu huyo tutunze msitu, bila neno juu ya umeme, ni kumwomba abebe mzigo wa wengine kwa unyenyekevu wa sarufi.

Hali hiyo inaonekana tena katika madini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, nayo hutiwa katika betri za magari yanayosifiwa Ulaya kuwa safi. Katika sentensi “tunahamia nishati safi”, tu hiyo haimjumuishi mchimbaji wa Kolwezi ashikaye sururu, ingawa bila yeye hakuna anayehama. Nafsi ya kwanza wingi inahitaji kuulizwa kila inapotokea: nani yumo, nani ameachwa nje, na nani ameingizwa ili alipe?

5. Funzo la Goma

Kampeni mojawapo ya mwanzo ya LUCHA ilidai maji. Goma umejengwa kando ya ziwa Kivu, lakini mitaa mingi ilikuwa na mabomba makavu, na watu waliteka maji ziwani kwa vidumu. Kampeni hiyo ilipewa jina la Kifaransa, Goma veut de l’eau, lakini sarufi yake yaingia katika Kiswahili bila kuvunjika: Goma inataka maji. Kuna mtenda, kuna kitenzi, kuna kitu kinachodaiwa. Neno maji halihitaji semina. Na yeyote asomaye sentensi hiyo hujua pia, bila kuambiwa, kwamba yupo aliyepaswa kuyaleta na hakuyaleta.

Linganisha na mjadala wa mafuta. Mwezi Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu, yaani maeneo ya kutafutia mafuta na gesi, 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Baadhi viligusa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Vingine viligusa ardhi chepechepe ya bonde la kati, ambayo utafiti wa mwaka 2017 uliikadiria kuwa na kilometa za mraba 145,500 katika Kongo zote mbili, na kuhifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Vijana, wakiwamo wa LUCHA, walikuwa miongoni mwa waliopinga. Hoja zao zilikuwa na uzito, lakini kwa sehemu kubwa zilisemwa kwa lugha ya mikutano ya kimataifa: tani, kaboni, ahadi za nchi. Waliosikia kwanza walikuwa mbali. Mvuvi wa ziwa Edward, ambaye maji yake yangechafuliwa, alistahili kuwa msikilizaji wa kwanza. Mwezi Oktoba 2024 serikali iliufuta mnada wa vitalu vya mafuta, ikitaja kasoro za maombi yaliyoletwa. Mwaka 2025 ikatangaza vitalu vingine 52. Yaani hoja haikushindwa wala haikushinda. Itabidi isemwe upya, na safari hii swali la nani anasemeshwa haliwezi kuachwa.

Hata jina la vijana wenyewe lina utata. Kwa Kifaransa hujiita militants. Likitafsiriwa mpiganaji, katika Kivu neno hilo ni la mtu mwenye bunduki. Mwanaharakati ni salama zaidi, ingawa sikio husikia haraka ndani yake. Tangu Goma uliposhikwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, tofauti kati ya mwenye bango na mwenye bunduki imekuwa jambo la uhai na kifo, wala si la kamusi.

6. Hitimisho

Uchunguzi huu hauwalaumu vijana kwa kutojua Kiswahili. Wanakijua, hukizungumza nyumbani, sokoni na katika vyumba vya polisi. Wanachokosa ni imani kwamba lugha hiyo ya nyumbani yatosha kwa hoja kubwa, na imani hiyo walinyang’anywa shuleni, ambako elimu huvaa Kifaransa na Kiswahili huachiwa matangazo ya chanjo.

Hapo ndipo vyuo vikuu vinapohusika. Idara za Kiswahili zimetumia muda mwingi kuunda istilahi na kuhukumu lahaja. Kazi nyingine inangoja: kusikiliza jinsi wauza makala, wavuvi na wachimbaji wanavyosema habari za miti, maji na joto, na kuchukua kwao vitenzi kabla ya majina. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Haki hudaiwa kwa mtu fulani. Lugha isiyoweza kusema nani ameharibu haiwezi pia kusema nani atengeneze.