Mizinga Iliyobaki Sitahani

Vita vya Tanga viliharibika kabla nyuki hawajaguswa. Tarehe 4 Novemba 1914, Meja Jenerali Arthur Aitken, kamanda wa kikosi cha Waingereza kilichokuja kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, alikuwa na betri nzima ya mizinga ya milimani, Betri ya 28 kutoka India, imekaa ndani ya meli Bharata. Mizinga ya aina hiyo iliundwa ili ifunguliwe vipande vipande, ipakiwe juu ya nyumbu na kufikishwa mahali ambapo gurudumu halipiti. Aitken akaamua isishushwe. Ipige ikiwa hapo hapo, juu ya sitaha.

Utetezi wake unajulikana. Ufuko wa Ras Kasone una mwinuko mkali, muda ulikuwa mfupi, na mji ulidhaniwa hauna ulinzi wa maana. Lakini mwinuko ndio kazi ya mzinga wa milimani. Betri iliyozoea mipaka ya India isingeshindwa na kilima cha Tanga, na jeshi lililokwisha kuteremsha maelfu ya watu usiku na mchana lingepata saa chache za kuteremsha mizinga.

Mizinga ile haikufaa kitu, na wengine hulaumu kuyumba kwa meli. Hilo ni dogo, maana maji ya Tanga si ya bahari kuu. Tatizo lilikuwa macho. Kati ya Ras Kasone na mji palikuwa na mashamba ya mpira na mkonge, minazi na vichaka. Askari wa miguu walipotelewa na wenzao waliokuwa hatua chache pembeni mwao. Sembuse mpiga mzinga aliye majini nyuma ya miti yote hiyo. Alichobaki nacho ni karatasi: ramani ya kumwambia mji uko wapi, na jedwali la masafa la kumwambia ainue mdomo wa mzinga kiasi gani ili kombora lifike umbali ule.

Jedwali la masafa ni kazi ya heshima. Limepatikana kwa kupiga, kupima na kuandika, mara nyingi, kwa subira. Hata hivyo linajibu swali moja tu: kombora litakwenda mbali kiasi gani. Halijui kwamba saa nane mchana adui alikuwa kwenye mkato wa reli, wala kwamba Wagurkha na askari wa Kashmir walikwisha kuingia mjini huku vikosi vya kushoto vikirudi nyuma mbio. Mstari wa mbele ulikuwa unahama, na karatasi ilikuwa inaonyesha Tanga ya jana. Mpigaji wa namna hiyo ana njia mbili: anyamaze asiue wenzake, au apige kwa kukisia. Manowari Fox, yenye mizinga miwili ya inchi 6 na minane ya inchi 4.7, ilikwama kwenye njia panda hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa mbele akiwaambia wapigaji kombora lao limeanguka wapi.

Kinachouma zaidi ni kwamba kifaa kilikuwapo. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipohesabu mateka yake baada ya Waingereza kuondoka, pamoja na bunduki za kisasa, bombomu na risasi 600,000, alikuta simu za vitani. Waya na mashine za kuongelea zilifika nchi kavu, zikaachwa hapo, zikaenda kumtumikia adui. Mizinga ambayo simu hizo zingeweza kuihudumia ilibaki melini. Macho, waya na mzinga vilikuwa ndani ya msafara mmoja, na amri moja ikavitenganisha.

Safu hii haitachoka kupinga hadithi kwamba nyuki ndio waliowashinda Waingereza. Nyuki walikuwapo, waliuma pande zote mbili, na hadithi yao inanoga kusimulia. Ila imekuwa pazia. Kila mgeni anayepita Tanga husikia habari ya nyuki, wala hasikii kwamba kikosi cha watu wapatao 8,000 kilikwenda kupigana na watu kama 1,000 kikiwa kimeacha mizinga yake ya nchi kavu baharini. Kuhusu onyo ambalo Kapteni Caulfeild wa Fox aliupa mji tarehe 2 na muda uliopotea kusafisha mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo, mengi yamekwisha kuandikwa. Na kikosi cha North Lancashire, pamoja na Wagurkha na Wakashmir, walipigana vizuri.

Aitken hakuhitaji kubuni lolote. Miaka 15 tu kabla yake, mwaka 1899, Kapteni Percy Scott wa jeshi la wanamaji la Uingereza alifanya kinyume kabisa cha alichofanya yeye. Vita vya Afrika Kusini vilipowakuta Waingereza bila mizinga ya masafa marefu, Scott aliichukua mizinga ya manowari, akaibunia magari ya mbao na chuma, na mabaharia wa manowari Powerful wakaifikisha Ladysmith tarehe 30 Oktoba, Makaburu wakiwa wanakaribia kuuzingira mji. Scott ndiye aliyekuwa ameshughulika miaka yote na kulenga, akiwafundisha wapigaji wake kuona kosa la kila pigo na kulisahihisha katika pigo linalofuata. Mtu huyo aliitoa mizinga ya bahari akaipeleka bara. Tanga, mizinga ya bara ilizuiliwa baharini.

Miezi minane baada ya Tanga, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, Waingereza walijifunza upande wa pili wa jambo hili, nao kwa gharama. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, haionekani kutoka baharini. Tarehe 6 Julai 1915 manowari za mtoni Severn na Mersey ziliingia deltani na kuipiga kwa umbali wa karibu kilomita 10. Safari hii macho yalikuwa angani: ndege kutoka kisiwa cha Mafia, zenye simu ya upepo, zikituma kwa Morse mahali kila kombora lilipoanguka.

Kifaa kipya, kosa jipya. Meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Mwangalizi wa angani akituma kwamba pigo limeangukia mbali, je, ni pigo la nani? Severn ikisahihisha kwa kosa la Mersey, inajiondoa yenyewe kwenye shabaha. Mashine ya ndege ilituma tu, haikupokea, hivyo hapakuwa na njia ya kumuuliza aliye juu. Makombora zaidi ya 600 yalipigwa siku ile, yaliyogonga yakahesabika kwa vidole. Wajerumani, kwa upande wao, walikuwa na mwangalizi juu ya mti, na mizinga yao ilikuwa sahihi kiasi cha kuung'oa mzinga wa mbele wa Mersey. Severn ilipomgundua mwangalizi yule na kumshusha, shabaha yao ikafifia.

Tarehe 11 Julai zilipiga kwa zamu. Severn ikatia nanga, ikapiga peke yake, na kufikia mkupuo wa nane ikaigonga Königsberg. Cull aliyeendesha ndege na Arnold aliyekuwa akituma habari walipigwa wakiwa angani, na ndege ikishuka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Wote wawili waliokolewa, na kabla ya jioni Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.

Ndege zile, simu ya upepo na karibu umbali ule ule vilikuwapo siku zote mbili. Kilichobadilika ni utaratibu wa kujua habari hii ni ya pigo lipi, yaani kazi ya daftari: saa, namba ya mkupuo, ulipoangukia, umerekebishwa kiasi gani. Wapigaji shabaha wa leo wanaobishana kama simu yenye programu ya kukokotoa mwendo wa risasi imelistaafisha daftari wangeitazama Rufiji kwanza. Programu hutabiri risasi itakapokwenda. Ilipokwenda kweli, kwa bunduki hii na upepo huu, lazima mtu aone na aandike, na asipofanya hivyo programu hubaki kama lile jedwali la masafa pale Bharata.

Turudi mjini Tanga, alasiri ya tarehe 4. Wagurkha na Wakashmir walifika hadi Hoteli ya Deutscher Kaiser wakaiteka, na kwa muda jengo lile lilikuwa mikononi mwao. Ofisa mmoja wa mizinga ghorofani, mwenye mojawapo ya zile simu au hata bendera mbili za ishara kuelekea bandarini kwa Fox, angetosha kuanzia. Aitken hakuwa amempeleka. Baadaye alishushwa cheo hadi kanali, na Waingereza hawakuingia tena Tanga mpaka tarehe 7 Julai 1916, walipoukuta mji karibu hauna mtetezi.