Pengo na Ziada

"Ndugu %s, tumepokea shilingi %d." Sentensi yenye nafasi mbili, moja ya jina, nyingine ya fedha. Mwandishi wa programu anakabidhi thamani mbili, fanksheni inazipachika, mteja anasoma ujumbe kwenye simu yake. Hakuna anayeisifu kazi hii. Mimi naisifu, na hasa pale hesabu inapogoma: nafasi mbili, thamani moja, au nafasi moja, thamani mbili.

Tuanze na fanksheni ya printf ya lugha ya C, lugha aliyoibuni Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Printf haijui imeletewa thamani ngapi. Inakiamini kiolezo tu, yaani ile sentensi yenye nafasi. Ikikuta %d isiyo na thamani yake, kanuni za lugha hazitoi ahadi yoyote, na mara nyingi fanksheni huchota chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu na kukichapisha bila haya. Mteja anaambiwa amelipa mamilioni asiyoyajua. Ipo pia alama ya %n, ambayo haichapishi kitu bali huandika ndani ya kumbukumbu idadi ya herufi zilizokwisha kutoka. Mwaka 2000 ilijulikana kwamba programu ya seva iitwayo WU-FTPD ilikubali maneno ya mgeni yawe kiolezo, na wavamizi wakapita hapohapo.

Pengo, basi, lisinyamaziwe kamwe. Amri ya printf kwenye gamba (shell) la Unix hujaza 0 pale namba inapokosekana, na "shilingi 0" ni uongo wenye adabu zake. (Ziada haiitishi hata kidogo: inakirudia kiolezo mpaka thamani ziishe.) Lugha ya Rust hukataa programu isijengwe kabisa. Lugha ya Go ina tabia ninayoipenda zaidi: haianguki, bali inachapisha "Ndugu Asha, tumepokea shilingi %!d(MISSING)." Sura mbaya, lakini kila mtu anaona kidonda kilipo, na ujumbe uliobaki umefika.

Ziada ni jambo jingine, na hapa sikubaliani na wanaoiona pacha wa pengo. Alama ya % katika Python, ikipewa thamani kwa mpangilio, hukataa upungufu na ziada kwa ukali uleule. C huipuuza ziada, na wengi huuita uzembe. Lakini mfikirie mtafsiri. Kwa wingi anaandika "Picha %d zimefutwa". Kwa umoja, "Picha moja imefutwa". Nafasi ya namba imetoweka kwa sababu hiyo ndiyo sentensi inayosomeka, ilhali programu bado inaleta 1 yake. Katika C, 1 hiyo inawekwa kando na sentensi inasimama. Kwa ukali wa Python, programu inaanguka kwa kosa la mtu kuandika Kiswahili kizuri.

Mtafsiri huyohuyo hugeuza na mpangilio. Kiingereza hutanguliza mwenye mali, sisi tunatanguliza mali, kwa hiyo thamani ya pili ndiyo inayotangulia: "Picha %2$d za %1$s". Namba hizo ndani ya alama zimo katika kanuni za POSIX, nazo huruhusu kupanga upya bila kumgusa aliyeandika programu.

Aliyelielewa hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mkaguzi asiyejulikana sana: msgfmt ya mradi wa GNU gettext. Ukiiendesha na -c, inalinganisha alama za tafsiri na za sentensi asili, na hesabu zisipolingana inakataa. Ila kwa umbo la umoja linalohusu namba moja tu inalegeza kamba: ukiiacha %d nje, inakupitisha, ukiongeza alama isiyo na thamani, inakurudisha.