Nani Alifuta? Mtenda na Ukimya katika Ripoti ya GitLab ya 2017

Ripoti ya hitilafu ya kompyuta haihesabiwi kwa kawaida miongoni mwa tanzu za nathari, ilhali ina wahusika, msuko na kilele. Ripoti iliyotolewa na kampuni ya GitLab Februari 2017 yastahili kusomwa kwa jicho hilo, hasa kwa namna inavyomshughulikia mtenda.

Kisa chenyewe ni kifupi. Seva mbili zilibeba hifadhidata moja ya PostgreSQL: seva kuu ikipokea maandishi, ya pili ikiyafuata ili ishike nafasi pindi ya kwanza ianguke. (Kuiita ya pili "nakala" kungepotosha, kwa kuwa hurudia hata makosa ya seva kuu, nakala rudufu ni kitu kingine.) Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 seva ya pili ilichelewa mno hata ufuatano ukakatika. Mhandisi alijaribu kuijaza upya, lakini programu ya pg_basebackup ikakaa kimya. Akashuku saraka ya data ya seva ya pili, akatoa amri ya kuifuta. Amri ikatekelezwa kwenye seva kuu. Alipoikatiza baada ya sekunde moja au mbili, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia takriban 4.5.

Kiswahili humlazimisha msimulizi wa tukio hili kuchagua: *alifuta*, *ilifutwa*, au *ilifutika*. Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda kabisa. *Saraka ilifutika na mhandisi* si sentensi sanifu. Ndiyo kauli ipendwayo maofisini, ambako mitandao hukatika na mafaili huharibika bila mkono wa mtu. Ripoti inakataa kimbilio hilo. Mhandisi anabaki kuwa kiima cha kitenzi chake, ila jina lake limeondolewa na kuwekwa cheo chenye namba: mwanatimu wa 1. Uamuzi huu ndio ubora mkuu wa matini. Jina lingezaa lawama. Kitenzi kisicho na mtenda kingezaa uongo.

Kutoka hapo ripoti inauliza "kwa nini" mara kwa mara. Ukimya wa programu ulikuwa wa kawaida: ilikuwa ikingoja seva kuu ianze kutuma. Ukimya wa pili ni mzito zaidi. Nakala rudufu za kila siku hazikuwapo, kwani pg_dump ya toleo la 9.2 ilitumika kwa hifadhidata ya toleo la 9.6, nazo baruapepe za kutahadharisha zilikataliwa na mfumo wa kupokea. Kilichookoa data ni taswira ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Mabadiliko ya saa hizo sita yalipotea.

Mnyororo wa maswali unafika kwenye jibu kwamba hakuna aliyewajibika kuzijaribu nakala hizo. Hapa ndipo ripoti inapolegea. Mkurugenzi mtendaji anaomba radhi kwa nafsi ya kwanza umoja, lakini nafsi hiyo haionekani ndani ya mnyororo wa sababu. Aliyefuta ana namba. Ambaye angepaswa kukabidhi kazi ya majaribio hana hata namba. *Kukabidhi* ni kitenzi kinachodai mtenda, na ripoti inakomea kwenye kutokabidhiwa.