Hongera, Mafundi wa Kamera za Kukunja

Anayenunua leo Agfa Isolette, kamera ya kukunja iliyotengenezwa Munich, Ujerumani, mara nyingi hununua na kazi ya fundi. Mvukuto wake, ile sehemu inayokunjwa kati ya mwili na lenzi, hutoboka kwenye kona. Ukimulika tochi ndani yake gizani, vitundu vinajionyesha. Grisi ya kijani kwenye lenzi nayo huwa imeganda kama gundi, na bila joto na kiyeyusho lenzi haizunguki. Hapo ndipo mafundi hawa wanapostahili pongezi: hukunja mvukuto mpya kwa mkono, mkunjo kwa mkunjo, kisha hurekebisha lenzi hadi taswira itulie. Kazi ya subira, na wengi hulipwa kidogo mno. Filamu ya 120 inayotumiwa na Isolette, iliyoanza 1901, bado inauzwa. Ukiipata Isolette, mpelekee fundi kwanza.