Orodha za Maneno Yanayokosewa: Uhakiki wa Desturi Moja ya Kufundisha Maendelezo ya Kiingereza

Katika vitabu vya kufundishia Kiingereza aghalabu mna kurasa mbili tatu zenye orodha ya maneno ambayo watu huyaendeleza vibaya, yaani hukosa kuzipanga herufi zake ipasavyo. "Accommodate" limo, na "separate", na "receipt", na "island", na "committee". Mwanafunzi huamriwa ayakariri, na akikosa huhesabiwa kuwa mzembe. Desturi hii ni ya zamani, na kwa kuwa ni ya zamani haikuulizwa maswali mengi. Walakini ina kasoro kubwa: yataja kosa bila kutaja chanzo chake, na yachanganya pamoja maneno ambayo ugumu wake hautoki mahali pamoja.

Makosa hayo yakitazamwa vema yagawanyika mafungu matatu, na kila fungu lina historia yake na dawa yake.

Fungu la kwanza ni la maneno ambayo matamshi yake yalihama na herufi zikabaki. William Caxton alianza kupiga chapa vitabu huko Westminster mwaka 1476. Tangu hapo wapiga chapa walizidi kuyakaza maendelezo, na wakati uo huo usemi wa watu ulikuwa katika mageuzi makubwa. K ya "knee" ilikuwa ikitamkwa. Gh ya "night" ilikuwa sauti iliyokaribia kh ya neno "sheikh". Vokali ndefu nazo zilihama mahali pake, mageuzi yaliyochukua karne kadhaa. Kabla ya hayo neno "name" lilitamkwa kwa a ndefu, na e ya mwisho ikasikika hafifu. Mtoto wa Kiswahili alisomapo neno hilo "na-me" huchekwa darasani. Kumbe matamshi yake yakaribia yale ya zama za Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, kuliko matamshi ya mwalimu wake. Maneno ya fungu hili yatisha kwa sura, lakini mengi yamo katika makundi: ajuaye "night" hapati taabu ya "light", "right" na "fight". Dawa yake ni kuyafundisha kwa makundi, wala si kulichomoa moja moja na kulitia katika orodha.

Fungu la pili ni la aibu zaidi, kwa maana kosa lake lilitendwa na wenye elimu. Waingereza walilipokea neno la deni kutoka Kifaransa, nao wakaliandika "dette", bila b, kama walivyolisema. Baadaye wanachuoni waliojivunia Kilatini wakakumbuka kuwa asili yake ni "debitum", wakaichomeka b ambayo ulimi wa Kiingereza haukupata kuitamka katika neno hilo. Ndivyo ilivyokuwa kwa "doubt" pia. Neno "island" lilionewa zaidi. Hilo ni neno la Kiingereza asilia, wala halikutoka Kilatini. Lakini kwa kuwa lafanana na "isle", lililotoka katika "insula" ya Kilatini, likavikwa s isiyo yake. Hapa elimu haikurudisha asili ya neno, bali iliizua.

Tena kazi hiyo haikufanywa kwa kanuni moja. "Receipt" lilipewa p ya Kilatini, hali "deceit" na "conceit", ndugu zake wa ukoo mmoja, hayakupewa. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliliona jambo hilo, akalitaja katika dibaji yake: yuafuata desturi ya walio wengi, ingawa haina ulinganifu. Haifai kumlaumu mno, kwani mtunga kamusi hana mamlaka juu ya vinywa na kalamu za watu. Lakini yafaa kutambua kuwa kamusi yake ilikuwa na heshima kubwa, na mwenye heshima anaponakili kosa hulifanya kuwa sheria. Basi mwanafunzi aandikaye neno "receipt" bila p hakufanya uzembe. Amefuata masikio yake na mfano wa "deceit". Astahili kusahihishwa, maana desturi ndiyo iliyokwisha kukubaliwa, hastahili kudharauliwa. Dawa ya fungu hili ni hadithi ya neno lenyewe. Aliyepata kuelezwa jinsi b ilivyoingia katika "debt" ni vigumu kuisahau.

Fungu la tatu ndilo linalowasumbua hata Waingereza waliosoma sana. Humo mna "separate", "definite", "grammar" na "calendar". Katika maneno haya silabi isiyo na mkazo humezwa na msemaji, vokali yake ikawa sauti hafifu isiyo a, wala e, wala i. Mwandishi akisikiliza kinywa chake mwenyewe hapati habari. Kadhalika konsonanti maradufu: "accommodate" lina c mbili na m mbili, "embarrass" lina r mbili, "harass" lina moja, na sikio haliwezi kuzitofautisha, kwa kuwa Kiingereza huziandika mbili na kuzitamka moja.

Hapa orodha za vitabu zafanya dhuluma ambayo haikutambuliwa. Kiswahili kina vokali tano, na hakuna inayomezwa kwa sababu ya kukosa mkazo. Mswahili akilisoma neno "separate" hulitamka kwa a ya katikati iliyo wazi. Mwalimu humkataza, akisema kuwa hayo si matamshi ya Kiingereza. Na kwa somo la kusema, mwalimu ana haki. Lakini matamshi hayohayo yaliyokataliwa ndiyo yaihifadhiyo herufi ambayo Mwingereza huipoteza. Yafaa mwanafunzi afundishwe kuwa na matamshi mawili: moja la kusemea na watu, na moja la kujisomea kimya wakati wa kuandika. Atamkaye moyoni "se-pa-ra-te" na "de-fi-ni-te" kwa kanuni za Kiswahili hawezi kuzikosea vokali hizo. Hii ni mali aliyo nayo tayari, nayo orodha hazimwambii kuwa anayo.

Pengine itasemwa kuwa dawa ya kweli ni kuyageuza maendelezo yenyewe. Jambo hilo limejaribiwa. Noah Webster, kwa vitabu vyake na kamusi yake ya mwaka 1828, aliwazoeza Wamarekani kuandika "color" na "center". Lakini alipotaka waandike "tung" kwa maana ya ulimi, hawakumfuata. Mwezi wa Agosti 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru maneno 300 yaandikwe kwa kurahisishwa katika karatasi za serikali. Kabla ya mwaka kwisha Bunge likapinga, na amri ikaondolewa. Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wasia wa fedha kwa ajili ya alfabeti mpya. Mwaka 1962 tamthilia yake moja ikapigwa chapa kwa alfabeti hiyo, na mambo yakaishia hapo.

Kushindwa huko si ukaidi mtupu. Maendelezo ya Kiingereza yana manufaa ambayo watengenezaji hao hawakuyapima vya kutosha. G ya "sign" haisikiki, lakini yasikika katika "signal" na "signature", na kwa kuandikwa kote yaonyesha kuwa maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Zaidi ya hayo, mtu wa London, wa Glasgow na wa Chicago hawatamki sawa, na kama kila mmoja angeandika asemavyo, wasingesomana. Maandishi yasiyo ya kinywa cha mtu yeyote yaweza kuwa ya watu wote.

Neno hilo la mwisho lafaa kupimwa na wanafunzi wa Kiswahili, ambao hupenda kusema kwa fahari kuwa lugha yao huandikwa kama isemwavyo. Fahari hiyo ina msingi. Maendelezo yaliyozungumzwa katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 1925, na kulindwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, ni mepesi. Maneno ya Kiingereza yaliyoingia yalioshwa mlangoni: "committee" likawa kamati, na herufi zake maradufu zikaachwa nje, "cupboard" likawa kabati, "receipt" likawa risiti, na ile p ikatupwa, "colonel", ambalo Waingereza huliandika kwa umbo la Kiitaliano na kulitamka kwa umbo la Kifaransa cha kale, likawa kanali.

Lakini yapasa kuulizwa: isemwavyo na nani? Watu wa mwambao wengi hutofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba kwa pumzi ya p. Maandishi sanifu hayaonyeshi. Kwa upande wa pili, wako wasemaji wengi, hasa wa bara, ambao lugha zao za kwanza hazina th wala dh. Mwanafunzi wa huko aandikapo "samani" akikusudia thamani, au "zana" akikusudia dhana, ameandika kama asemavyo, akapata neno jingine kabisa. Na alama ya ng'ombe yaangushwa kila siku na watu wasemao neno lenyewe bila kosa. Mwalimu amwambiapo mtoto huyo kuwa Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, kisha akamtia kosa, amemhukumu kwa sheria ambayo mtoto ameitii.

Kwa hiyo kasoro ya orodha za Kiingereza si ya Waingereza peke yao. Zimeanza kuonekana orodha kama hizo za Kiswahili, zenye thamani, dhana, na "kwa sababu" lisiloandikwa neno moja, nazo zafuata njia ileile ya kutaja kosa na kuficha chanzo. Watungaji wake wana nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Na wayapange maneno kwa chanzo cha kosa: lipi latokana na sauti isiyokuwamo katika lugha ya kwanza ya mwandishi, lipi latokana na alama iliyoachwa, lipi latokana na mashaka ya kuunga au kutenga maneno. Orodha ya namna hiyo itakuwa ndefu kidogo kuliko ile ya kukariri, lakini mwalimu aitumiaye atajua aanze kufundisha sikio, au jicho, au sarufi.